Krismasi Tuliyokata Paa

"Nitalala wapi?"

Hilo ndilo swali Baba alilomuuliza ndugu yangu Job kwa simu Jumapili iliyopita, tukiwa sebuleni kwake hapa Roret, Kericho, baada ya chakula cha mchana. Job amejenga Kedowa, nyumba ya mawe yenye vigae vyekundu, na alikuwa amepiga kutualika sote tukale Krismasi kwake. Simu ilikuwa mezani, spika wazi, katikati ya sahani za mifupa ya kuku. "Kuna gesti rumu, Baba," Job alisema kwa furaha. "Iko na bafu yake ndani ya nyumba. Maji moto! Wewe na Mama mtaenjoy." Baba aliitazama simu. Kisha akasema, "Sawa, sawa, Mungu awabariki," akanisukumia simu, akachukua kofia yake akatoka nje. Mama alinitazama, nami nikamtazama, na mara tukaangua kicheko, sisi wawili, tukacheka mpaka Mama akatafuta leso ya kupangusa macho. Job naye huko Kedowa akawa anapaza sauti, "Ni nini? Kwani nimesema nini?" Nilimwambia nitampigia baadaye. Alikuwa mdogo mwaka ule wa paa, darasa la pili tu, na alichobaki nacho ni kelele za nyundo. Mimi nilikuwa darasa la saba na nimebaki nayo yote: harufu ya mbao mbichi, maziwa ya jirani yetu Gogo, na uso wa Baba akiwa juu ya paa. Sijawahi kuwa na mwaka mwingine wenye msisimko kama ule, na nimeolewa, nikazaa, nikazeeka kiasi.

Ulianzia mezani, mezani palepale, mwezi wa Oktoba, jioni ambayo bonasi ya majani chai ilikuwa imeingia. Kila mkulima wa huku anaijua jioni hiyo. Kijiji kizima kinanukia nyama. Mama alikuwa amepika ya kukaanga na ugali wa wimbi, ule mweusi unaong'aa, na mboga za managu zilizolazwa kwenye maziwa, na sisi watoto tulikuwa tumeshiba hadi tunapumua kwa shida. Ndipo Mama alipoweka kijiko chini. "Mwaka huu," alisema, "Krismasi inaliwa hapa." Baba aliacha kutafuna. Kila Desemba tangu nizaliwe tulikuwa tukifunga mizigo na kwenda Kisii kwa babu yetu, ambaye tulimwita Sokoro, maana ndivyo Wakisii wanavyomwita babu. Desemba ikifika, shamba letu la chai lilibaki na jirani, mlango ukafungwa kwa kufuli, na sisi tukawa wageni wa mtu. "Nimechoka kufungia nyumba yangu kufuli siku ambayo watu wote wanafungua," Mama alisema. "Niko na nyumba. Niko na ng'ombe. Niko na majirani. Mzee aje hapa." Job aliruka kutoka kitini akaanza kucheza katikati ya sebule, na mimi nikamfuata, ingawa sikujua vizuri tunachezea nini.

Nyumba yetu haikuwa na dari. Ukilala chumba cha pili unasikia kila neno la chumba cha kwanza, na wazazi wetu walikuwa hawajawahi kuligundua hilo au walikuwa wameamua kutojali. Usiku huo nilimsikia Baba akisema polepole, "Mzee hajawahi kukanyaga hapa. Hata mara moja. Kila nikimwambia Roret, yeye anasema, huko ni kazini." Mama akasema, "Sasa tumwite." Baba akasema maneno ambayo niliyashika na kuyabeba miezi yote iliyofuata. "Akija akala Krismasi hapa, akalala, akaamka, basi hapa ni nyumbani. Asipokuja, nitakaa hapa mpaka nizeeke na bado nitakuwa mtu aliyeenda kazini." Nilikuwa nimezaliwa Roret. Nilijua kuchuma majani mawili na chipukizi kabla sijajua kusoma. Nilijua matusi ya Kipsigis kuliko ya Kisii. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia kwamba kuna mtu, mzee mmoja wa mbali mwenye fimbo, anayeweza kusema kama mahali hapa ni petu au si petu. Nilimtaka aje.

Salamu zilipelekwa na Baba Mdogo Ombati, ndugu yake Baba, aliyekuwa akileta ndizi kwa kanta, lile lori dogo, kutoka Kisii hadi soko la Litein. Siku ya soko Mama alitupeleka sote, kwa kisingizio cha kununua viatu. Litein siku ya soko ni zogo tupu: bodaboda zinapita katikati ya vitunguu, wanawake wa Kipsigis na vibuyu vya maziwa, wanawake wa Kisii wamekalia mikungu ya ndizi wakipiga bei kwa sauti kubwa kama vile wanagombana. Baba Mdogo alikuwa mtu mnene mwenye kicheko cha ghafla. Alisikiliza ujumbe, akapiga kofi paja lake. "Mzee? Aje Kericho? Huyo mzee hata Kisii taoni anaenda akiwa amenuna!" Lakini akaupeleka. Wiki iliyofuata tukarudi Litein, na mimi nikawa wa kwanza kuliona kanta lake. Alikuwa amesimama juu ya ndizi, mikono kiunoni. "Nimemwambia," alisema. "Akaniangalia tu. Akavuta ugoro. Kisha akasema, nitalala wapi?"

Mama alishusha mabega. "Amekataa," alisema. Baba alisimama pale katikati ya maganda na matope, na uso wake ukaanza kubadilika, ukafunguka pole pole, mpaka meno yote yakaonekana. "Amekataa?" alipaza sauti, akimwita Mama kwa jina langu. "Mama Kwamboka, mzee ambaye hataki kuja anasema mgongo unauma! Anasema ng'ombe ataachiwa nani! Huyu ameuliza atalala wapi!" Alimshika Baba Mdogo mabega akamtikisa mpaka ndizi zikaporomoka. Hapo sharti nieleze jambo ambalo kwetu halihitaji kuelezwa. Kwa Wakisii wa kizazi kile, baba haingii katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Hata mvua inyeshe mawe. Hampi mkono mke wa mwanawe, haketi kitini kwake, hapiti mlango wake. Ni heshima, na ni kali, na hakuna anayeikasirikia. Kwa hiyo swali la Sokoro lilikuwa swali halali kabisa, na jibu lake lilikuwa moja tu. Ilibidi tumjengee nyumba yake uani kwetu, ya chumba kimoja, kabla ya Krismasi.

Siku hizi watu wananiuliza likizo nzuri ni ipi, kama ni Mombasa, kama ni mbuga za wanyama, na mimi nawaambia Kedowa, kwenda kununua mbao. Wanadhani natania. Baba aliazima pikapu ya rafiki yake, na badala ya kwenda na fundi peke yake, alisema twende wote, kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa na yeye alikuwa na furaha ya kumwaga. Tulikaa nyuma, mimi, Mama, Job na fundi wetu Arap Langat, jirani wa ng'ambo ya barabara, tumejifunika blanketi moja. Tulipita Kericho mjini, chai pande zote, kijani mpaka macho yanachoka, kisha tukapanda kuelekea kwenye baridi. Mama aliimba nyimbo za kanisa, Arap Langat akaitikia kwa Kipsigis. Kedowa kando ya barabara kulikuwa na viazi vimejengwa kama minara kwenye ndoo, karoti, kabeji kubwa kuliko kichwa cha Job, naye Job akaomba moja ipimwe kando ya kichwa chake ili tuhakikishe. Tulikunywa chai ya maziwa kwenye hoteli ya mabati, chai moto ya kuunguza ulimi, na mandazi mapana. Mbao zilinukia utomvu. Wakati wa kurudi tuliketi juu yake, na Mama akaokota tawi kubwa la msaiprasi lililokuwa limeanguka, akalilaza mapajani. "Hii ni Krismasi," alisema. Utomvu ulimganda kwenye rinda na haukutoka tena.

Novemba yote iliyofuata ilikuwa nyundo. Nilikuwa nachuma majani asubuhi, napeleka baingi, yaani kile kituo cha kununulia majani kilicho mbele ya lango letu, kisha nakimbia nyumbani kuona ukuta umefika wapi. Wanaopita barabarani walisimama kuuliza. "Ni ya kuku?" "Ni ya babu!" Job alijibu kwa ukali. Mama alikandika sakafu kwa udongo na samadi, akailainisha kwa kiganja mpaka ikawa nyororo, akaturuhusu tuikanyage tukiwa tumeosha miguu tu. Tulienda Kericho mjini kununua pazia na nguo za Krismasi, mimi rinda la rangi ya zambarau lenye utepe, tukala chipsi zenye siki kwenye karatasi huku tumesimama, na Baba akanunua tochi mpya kwa ajili ya mzee, akaiwasha na kuizima njia nzima ya kurudi.

Paa lilikuwa la mwisho. Nakumbuka mazungumzo yale kwa sababu nilikuwa nimewashikia misumari. Nyumba ndogo ilikuwa hatua chache tu kutoka nyumba kubwa, na Arap Langat alikuwa juu ya ngazi akipima kwa jicho. "Papa Kwamboka, sikia," alisema, alivyozoea kumwita Baba. "Hapa katikati tushikanishe. Mapati mbili tu, tuunge na ile kubwa. Mzee akienda kukula hapo kwa varanda, hanyeshewi." Baba aliangalia juu, akaona picha yote: baba yake akitoka mlangoni pake, mkavu, akitembea chini ya mabati mapya hadi kwenye kiti cha varandani, mvua ya Kericho ikipiga bure juu yake. Machozi yalimlengalenga. "Langat," alisema, "wewe ni fundi." Mama alikuja kuangalia akapiga kigelegele. Baba Mdogo Ombati alipitia na kanta lake, akatembea chini ya lile paa kwenda na kurudi, akasifu. Walikuwa watu watatu waliozaliwa na kulelewa Kisii, wenye mila yote vichwani, na hakuna hata mmoja aliyeona kilichokuwa juu ya kichwa chake. Nikiwafikiria leo nawapenda zaidi kwa hilo.

Siku moja kabla ya Krismasi hatukula chakula cha mchana. Hatukuweza. Tawi la msaiprasi, sasa limekauka, lilikuwa sebuleni ndani ya ndoo ya mchanga, limezungushiwa karatasi ya choo kama utepe, na baluni kila pembe. Lori la majani lilikuwa limeshachukua mzigo wa mwisho, lakini majirani walikuwa bado baingi wakipiga soga, vikapu tupu mgongoni, maana wote walijua nani anakuja na hakuna aliyetaka kuondoka. Kanta lilipiga honi kutoka mbali. Job alikimbia barabarani. Sokoro alishuka kutoka kiti cha mbele akiwa amevaa koti refu jeusi na kofia ya sufu, fimbo mkono mmoja, na gunia limefungwa kamba mkono mwingine. Baba alitaka kumpokea gunia, akakataa. "Hilo ni langu," alisema. Mama alimwamkia kutoka mbali, kichwa kimeinama, bila kutoa mkono, na yeye akaitikia akiangalia pembeni, kama inavyopasa. Kwangu alitabasamu. Aliniita Mama, maana jina langu la Kwamboka lilikuwa la mama yake. Kisha akaingia langoni, akasimama.

Aliangalia chai ilivyoteremka hadi mtoni. Aliangalia ng'ombe. Aliangalia nyumba kubwa, kisha ile ndogo, kisha ile kubwa tena. Sisi wote tulikuwa nyuma yake tumebana pumzi. Aliinua fimbo akaielekeza juu, katikati ya nyumba mbili, pale mabati mapya yalipong'aa.

"Paa ni moja," alisema.

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekuambia kifungo cha shati lako kimefunguka. Nilimwona Baba akiangalia juu, na nikaona alipoelewa. Rangi yote ilimtoka usoni. Paa moja ni nyumba moja. Alikuwa amejenga chumba kizuri kabisa, chenye pazia, godoro na tochi, ndani ya nyumba ya mke wa mwana wa mzee. Mama alijishika mdomo. "Uuuwi," alisema chinichini, "tumefanya nini?" Baba Mdogo Ombati alianza kucheka kile kicheko chake cha ghafla, akakimeza. Na hapo ndipo mvua ilipoanza, ile ya alasiri ya kwetu, isiyotoa taarifa. Mama, kwa kuchanganyikiwa, alifanya jambo ambalo hajawahi kulisahau. Alifungua mlango wa nyumba kubwa akaita, "Baba, ingia tafadhali, unanyeshewa!" Kisha akasikia alichosema, akaufunga tena kwa kishindo. Sokoro aligeuka, maji yakimtiririka kwenye kofia, akatoka langoni, akavuka barabara na kwenda kusimama baingi chini ya paa la watu wote.

Dereva wa kanta alitoa kichwa dirishani. Alitaka kufika Kisii kabla ya giza. "Mzee, unarudi ama unabaki?" Nilikuwa nimemfuata Sokoro, rinda langu la zambarau limelowa, na nilisubiri jibu nikiwa nimekunja ngumi. Aliiegemea fimbo yake akaangalia ng'ambo. "Ngoja kidogo," alimwambia dereva. Kidogo! Nilikimbia kurudi uani nikipiga kelele, "Amesema kanta lingoje! Amesema lingoje kidogo!" Baba alikuwa tayari juu. Simkumbuki akipanda. Alikuwa juu ya paa na suti yake ya kanisani, nyundo mkononi, aking'oa misumari, mvua ikimpiga mgongoni. Arap Langat alifika na msumeno, akasimama chini akiwa haelewi. "Papa Kwamboka, unafanya nini? Ni mzuri hiyo!" Baba alimweleza kwa kelele kutoka juu, kwa maneno matatu manne, na nikamwona Arap Langat akiganda, halafu akajipiga paji la uso. "Kumbe! Hata sisi tuko na heshima ya mamkwe! Ungeniambia!" Naye akapanda. Wale wa baingi wakasikia, habari ikapita mdomo kwa mdomo kwa Kipsigis na Kisii, na mara uani pakawa pamejaa watu. Mmoja alishika ngazi, wengine wakapokea mabati, wanawake wakawa wanaelekeza kutoka chini kazi ambayo hawakuulizwa.

Mama alinipa birika nipeleke baingi, maana hata katika janga mgeni anakunywa chai. Nilikuta nimetanguliwa. Gogo, mama yake Arap Langat, bibi mfupi mwenye masikio marefu yaliyovutwa kwa mila ya zamani, alikuwa ameketi kando ya Sokoro kwenye ubao wa kupimia majani, na katikati yao palikuwa na kibuyu. Alikuwa akimmiminia mursik, yale maziwa mala yaliyotiwa mkaa, ya rangi ya wingu la mvua. "Kunywa, mzee. Hii ni ya kipuyu yangu, si ya duka." Sokoro alionja akiwa na mashaka. Akaonja tena. Akashika kikombe kwa mikono miwili. "Huyu kijana yako," Gogo alisema, akinyoosha kidole juu ya paa ambako Baba alikuwa amekaa kama paka, "ako hapa siku mingi. Mimi nilizika mzee yangu, yeye ndiye alichimba. Na papa ya kwake hajawahi kuja. Watu wanauliza, huyu alitoka wapi, hana watu?" Sokoro aliangalia juu ya paa. Mvua ilipiga. "Watu anao," alisema mwishowe, kwa Kiswahili chake kigumu. "Iko wapi?" Gogo aliuliza. Sokoro alijigusa kifua na kile kikombe. "Si ndio hii."

Dereva alipiga honi, ndefu. Uani msumeno ulikuwa unakata boriti ya mwisho, ukikwama kwa sababu mbao ilikuwa imelowa, na watu walikuwa wakiimba wimbo wa kazi bila kuwa wamepatana ni upi. Bati la kwanza lilikuwa limeshuka. La pili likaachia upande mmoja, likaning'inia, likapiga kelele kama ng'ombe, likaanguka. Boriti ikafuata. Na mvua, kwa mara ya kwanza, ikanyesha moja kwa moja chini kati ya nyumba mbili, ikapiga ardhi iliyokuwa kavu. Kelele iliyopigwa hapo naisikia mpaka leo. Mama alipiga kigelegele, Gogo akaitikia kutoka ng'ambo, Job akakimbilia kwenye ile nafasi akaanza kurukaruka kwenye matope.

Sokoro aliinuka. Alimpungia dereva mkono aende. Kisha akavuka barabara, gunia chini ya kwapa, watu wakamfungulia njia, akaenda mpaka katikati ya nyumba mbili akasimama mvuani. Aliinua fimbo akaipitisha juu, huku na huku, haikugusa kitu. Baba alikuwa bado juu, suti imemgandia mwilini, akimwangalia baba yake kutoka paani kama mtoto aliyekamatwa mtini. Sokoro akaanza kucheka. Alikuwa na mapengo mengi na sikuwa nimewahi kuyaona yote kwa pamoja. "Shuka, mwanangu," alisema, "utapata homa nyumbani kwako." Akainama akaingia katika nyumba yake ndogo, na kutoka mlangoni tulimsikia akiwasha na kuizima ile tochi.

Maneno hayo mawili, nyumbani kwako, yalitosha, ingawa Baba alilazimika kuketi kwenye paa kwa muda kabla ya kushuka. Krismasi yenyewe ilikuwa kama mtu anavyoitaka iwe. Kanisani Sokoro aliombwa asimame na watu wakampigia makofi. Mezani, yaani chini ya mti uani, kulikuwa na mbuzi, chapati, viazi vya Kedowa, ndizi za Baba Mdogo, mursik ya Gogo, na nusu ya kijiji. Kila mara mvua ilipoonyesha dalili, kila mmoja alimwangalia Arap Langat na kumwambia ashikanishe kitu, naye akawa anatishia kwenda nyumbani. Sokoro alikaa siku nyingi kuliko alivyopanga. Asubuhi ya kuondoka, alifungua gunia. Ndani kulikuwa na mche wa ndizi, mizizi imefungwa kwa majani makavu, na shingoni umefungwa uzi mwekundu. Aliomba jembe, akachimba mwenyewe nyuma ya nyumba ndogo. Baba aliuliza kwa sauti ya chini, "Ulikuja nao? Hata kabla hujaona?" Mzee hakuinua kichwa. "Siku ile Ombati aliponiletea salamu zako, nilienda shambani nikaufunga uzi, ili asije akauuza pamoja na wengine." Baba aligeuka akaangalia mtoni kwa muda mrefu. Alikuwa ameulizwa mzee atalala wapi, na alikuwa ameelewa sawasawa.

Sokoro amelala Kisii sasa, na Gogo pia alitangulia. Ile nafasi kati ya nyumba mbili haijazibwa. Mwaka mzima tunanyeshewa pale tukipeleka chakula kwa wageni, na kila mgeni mpya hutuuliza kwa nini hatuweki mabati mawili tu, na kila mara Mama huwaambia wakae chini, hadithi ni ndefu.

Jumapili hiyo, baada ya kucheka, nilitoka kumtafuta Baba. Nilimkuta nyuma ya nyumba ndogo, katikati ya migomba, maana mche ule mmoja umekuwa kichaka. Anatembea na fimbo siku hizi, lakini fimbo alikuwa ameiegemeza ukutani. Alikuwa amechuchumaa, akizungusha uzi mwekundu kwenye shingo ya mche mdogo, akishindwa kufunga fundo. Nilichuchumaa nikamshikia.

"Kedowa ni baridi, Baba. Ndizi itakufa huko."

"Haitakufa," alisema. "Hii imezaliwa hapa."

Nilimpigia Job nikiwa bado nimechuchumaa. Alipokea haraka. "Amekasirika? Kwambo, niambie ukweli. Hataki kuja?"

"Anakuja," nilisema. "Gesti rumu waachie wageni. Kesho mwite fundi, ajenge kachumba uani."

"Kachumba? Kwani hii nyumba yangu iko na..." Nyuma yake nilisikia watoto wake wakigombania kitu. Kisha akasema polepole, "Ile nyundo."

"Ile nyundo," nilisema. "Na Job, mwambie fundi asishikanishe paa."